"Naungoja" na "Naungoya": Uchambuzi wa Kisa cha Mgeni Aliyelisahihisha Shairi Barazani kwa Mwenyewe

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kikao cha watunzi wa mashairi kinachofanyika katika mji mmoja wa pwani ya Kenya. Majina ya watu, ya mtaa na ya shule yameondolewa, na ubeti ulioleta mzozo umeandikwa upya ili mtunzi wake asitambulike, ingawa kasoro zake mbili zimeachwa palepale zilipokuwa, kwa kuwa bila hizo hakuna kisa. Wahusika watatu nitawaita Mwenyeji, Mgeni na Nahodha, ambaye ujanani mwake alikuwa akiendesha jahazi. Wa nne ni mimi, katibu wa kikao, na msomaji ataona mbele kidogo kwamba mkono wangu pia umo.

Ninachotaka kukichunguza ni hiki: mtu akiwa na neno la kusema juu ya kazi ya mwenzake, tena akiwa amekaa kwenye baraza la huyo mwenye kazi, alisemeje na alisubirije hata lisikike? Mgeni wetu alisema mambo mawili usiku mmoja. La kwanza lilikuwa kosa, la pili lilikuwa kweli tupu, na yote mawili yalizama kwa pamoja.

Usuli

Kikao hukutana kila Alhamisi baada ya sala ya Isha, nyumbani kwa Mwenyeji, kwenye baraza la mawe lililoshikana na ukuta wa mbele. Idadi yetu huwa kati ya wanane na kumi na wawili. Mwenyeji ni mtu wa zaidi ya miaka sabini, asili yake ni visiwa vya Lamu, na ushairi aliupokea kwa sikio kutoka kwa mamake na mjombake kabla hajajua kusoma. Hutunga akiwa anatembea, hughani peke yake hadi shairi likae, kisha ndipo huliandika kwenye daftari kwa herufi za Kiarabu. Lugha yake ni Kiamu, lahaja ya Lamu, kilichochanganyika na Kiswahili cha watu wote, kama walivyo watunzi wengi wa pwani ambao huchukua neno la mji wao pale linapowafaa na kuliacha pale lisipowafaa.

Taratibu za kikao hazijaandikwa mahali popote. Mtunzi hughani shairi lake mara mbili. Hufuata kimya, ambacho wakati mwingine ni kirefu, na watu hunywa kahawa chungu kutoka kwenye dele la shaba. Baada ya hapo huja maswali ya maana: neno hili ni la wapi, huyu anayeambiwa ni nani, je, hapa mtunzi amefumba jambo au ndivyo alivyokusudia? Usanifu, yaani vina (silabi za mwisho zinazofanana), mizani (hesabu ya silabi, kwetu nane kwa kila nusu ya mshororo) na mpangilio wa mishororo, huguswa mwisho, na mara nyingi hauguswi kabisa mbele ya watu. Mwenye neno humfuata mtunzi nyumbani. Wageni husikiliza vikao viwili au vitatu kabla ya kusema lolote. Mambo haya sisi tulikuwa tukiyajua kwa mazoea, na kwa sababu hiyohiyo hatukuwahi kumwambia mtu.

Mgeni alikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, kijana wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa bara aliyehamishiwa pwani mwaka huo. Aliletwa na mmoja wetu. Ushairi aliujua vizuri kwa njia ya vitabu: aliweza kutaja mwanzo, mloto, mleo na kimalizio, mishororo minne ya ubeti, bila kufikiri, akatenga ukwapi na utao, nusu mbili za mshororo, na akatambua kwa kutupa jicho mara moja kama shairi ni mtiririko, lenye vina visivyobadilika, au ukara, lenye vina vinavyobadilika upande mmoja. Aliwaandaa watahiniwa wa kidato cha nne kila mwaka. Ninalisema hili kwa heshima, kwa sababu baadaye baadhi yetu walijaribu kumfanya mjinga, na hakuwa mjinga hata kidogo.

Jambo la mwisho la usuli linanihusu mimi. Miezi michache kabla ya kisa tulianza kugawa karatasi zenye mashairi ya usiku huo, kwa kuwa masikio ya wazee wawili yalikuwa yamepungua, na pia kwa kuwa tulikuwa na nia ya kukusanya diwani. Mwenyeji alinipa daftari lake, nami nikawa nahamisha mashairi kutoka herufi za Kiarabu kwenda za Kirumi na kuyachapa. Sikuwa na tabia ya kumsomea mtunzi nilichokichapa kabla ya kukigawa.

Yaliyotokea

Usiku wenyewe tulikuwa watu tisa pamoja na Mgeni, ambaye hicho kilikuwa kikao chake cha kwanza. Shairi la Mwenyeji lilikuwa na beti tisa. Ubeti wa tatu, kama ulivyokuwa kwenye karatasi, ulisomeka hivi:

Nimekaa barazani, nailinda yangu kaya,
Mawazo yangu moyoni, yameniondoa haya,
Usingizi siuoni, tangu jana naungoja,
Wenzangu wako safarini, namwomba Mungu hidaya.

Mwenyeji alifumba macho, kama ilivyo desturi yake, akaanza kughani. Mgeni alikuwa na kalamu. Nilimwona akifuata mishororo kwa ncha yake huku akihesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto, na alipofika ubeti wa tatu akapiga mistari miwili chini ya maneno. Tangu hapo, kwa nilivyomwona, hakuwa akisikiliza tena, alikuwa akingoja.

Mwenyeji alimaliza mara ya kwanza na kunyamaza ili avute pumzi kabla ya kurudia. Mgeni aliichukua pumzi hiyo kuwa mwisho wa shairi. Akasema, "Maalim, shairi lako ni zuri sana, lakini ubeti wa tatu umevunja sheria mbili. Kina cha mwisho ni *ya*, na hapa umetia *ja*. Na kimalizio kina mizani kumi na saba." Hakukomea hapo. Alieleza maana ya kina, akaeleza maana ya mizani, akataja kwamba shairi la mishororo minne huitwa tarbia, na maelezo hayo yalichukua robo saa mbele ya watu ambao wawili kati yao walikuwa wakitunga tangu kabla yeye hajazaliwa.

Mwenyeji alimimina kahawa, akamsogezea kikombe na kusema, "Ahsante, mwanangu. Kunywa kahawa." Kwa aliyelelewa pwani, maneno hayo ni mlango unaofungwa taratibu. Mgeni aliyasikia kama ukarimu, akanywa, akashukuru, kisha akafungua mkoba wake na kutoa shairi lake mwenyewe, akisema kwamba linaweza kutusaidia kuona jinsi vina vinavyopaswa kutiririka. Alisoma beti mbili. Vina vyake vilikuwa kamili na mizani yake haikupungua wala kuzidi.

Hapo Nahodha, aliyekuwa ameegemea nguzo, aliinua sauti akaghani mshororo mmoja tu:

Hajavua makubadhi, aulizia kitanda.

Nane kwa nane, bila kufikiri. Watu walicheka, na kicheko chenyewe kilikuwa kikubwa kuliko kilichostahili, kwa sababu kila mmoja alikuwa amejizuia kwa muda. Mgeni alikunja karatasi yake. Alikaa dakika chache kwa adabu, akaaga, akaondoka. Mwenyeji hakurudia kughani shairi lake usiku huo, na ilikuwa mara ya kwanza tangu nilipoanza kuhudhuria kwa shairi kughaniwa mara moja tu.

Mimi nilikuwa nimekaa na daftari la Mwenyeji mapajani. Wakati Mgeni anasema *ja*, nililifungua na kutazama. Kwenye mkono wa mtunzi neno halikuwa *naungoja*. Herufi ilikuwa ye, yenye nukta mbili chini, wala haikuwa jim yenye nukta moja tumboni. Mwenyeji aliandika *tangu yana naungoya*, kwa Kiamu safi, na kina kilikuwa *ya* kama vingine vyote. Mimi ndiye niliyeyageuza maneno mawili kuwa ya Kiswahili sanifu, kwa mazoea ya mkono uliopitia shule, bila hata kujua kwamba nimefanya hivyo. Mwenyeji alipokuwa akighani alitamka *naungoya*, na kila aliyesikiliza alisikia *naungoya*. Aliyekuwa akisoma ndiye peke yake aliyeona *naungoja*.

Nilinyamaza.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Mgeni: kusema papo hapo, mbele ya wote, akitanguliza hukumu. Baadaye aliniambia kwamba aliamini anatoa zawadi. Shuleni kwake mwanafunzi aliyeona kosa akanyamaza huhesabiwa mvivu, na kwenye mikutano ya walimu maoni ya haraka huwa ni ishara kwamba mtu amejiandaa. Alihofia pia kwamba akikaa kimya tutamwona mtu wa bara asiyejua lolote juu ya mashairi. Hofu hiyo ndiyo, kwa maoni yangu, iliyolitoa lile shairi mkobani; mengine yote yangeweza kusameheka kama angekomea kwenye ule ubeti.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa Mwenyeji kutojitetea. Nilimuuliza baada ya siku kadhaa, akanipa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba mtu habishani na mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe. Mgeni akikosea, kosa ni la nyumba hadi atakapotoka. Ya pili ilinishangaza. Alisema kwamba angesema "mimi nilitunga *naungoya*" wakati karatasi inasema *naungoja*, angeonekana anatafuta pa kujifichia, na kwa kusema hivyo angemwanika katibu wake. Alikuwa amejua tangu neno la kwanza kwamba kosa ni langu.

Wangu wa kunyamaza ulikuwa uamuzi pia, ingawa wakati huo nilijiambia kwamba sitaki kumkatiza mtu. Ukweli ni kwamba nilipata nafasi mbili, Mgeni aliponyanyua kikombe na alipokuwa anafungua mkoba, na sentensi moja ingetosha: "Kosa ni la mchapaji, kwenye daftari ni *naungoya*." Niliona aibu. Aibu yangu ilimgharimu Mgeni zaidi kuliko ilivyonigharimu mimi.

Wa Nahodha ulitoka kwenye mapenzi. Alikuwa akimtetea rafiki wa miaka mingi asiyeweza kujitetea, tena kwa silaha ambayo baraza linaitambua. Sidhani alipima uzito wake. Mshororo ukiwa mzuri hauna namna ya kuuzuia mdomoni, na watunzi wengi watakiri hivyo.

Kesho yake, Ijumaa jioni, nilifanya uamuzi wa pili ambao nadhani ulikuwa bora kuliko wa kwanza. Nilichukua daftari, kwa idhini ya Mwenyeji, nikaenda nalo nyumbani kwa Mgeni. Sikumpigia simu, kwa kuwa jambo la nukta mbili na nukta moja halielezeki kwa simu. Nilimfungulia ukurasa, nikamwonyesha herufi ye kwenye *kaya* na *haya*, halafu nikamwonyesha ileile kwenye *naungoya*. Hakuwa anasoma herufi za Kiarabu, lakini macho yake yalikuwa makali, na baada ya kulinganisha mara tatu akasema, "Ni ileile." Akanyamaza. Kisha akaniambia kitu kilichonifanya nimheshimu: kwamba uhuru wa mshairi, pamoja na kutumia lahaja, ni somo analolifundisha kila mwaka, na kwamba kama swali lingekuja kwenye mtihani angelijibu vyema.

Baada ya hapo alishika tena kidole gumba. "Lakini *wenzangu wako safarini* bado ni tisa," akasema. Nikahesabu pamoja naye: we-nza-ngu, wa-ko, sa-fa-ri-ni. Tisa. Nikatazama daftarini. Mwenyeji alikuwa ameandika *wako* kwa mkono wake mwenyewe. Hapo palikuwa na kosa la kweli, limeshaonekana na mtu sahihi, na hakuna aliyekuwa tayari kulisikia kutoka kwake.

Tulishauriana kwa muda mrefu. Yeye alitaka kuandika barua ya kuomba radhi na kuambatisha maelezo kuhusu mizani. Nilimwambia radhi na marekebisho visipande chombo kimoja. Tulikubaliana kwamba angoje wiki nzima ipite, aende kwa Mwenyeji wakati wa alasiri asipokuwa na watu, asibebe karatasi, na asiseme "mizani imezidi". Aulize tu mshororo ule huimbwa vipi.

Matokeo

Alikwenda. Sikuwepo, na ninayoyaandika hapa nimeyapata kwa wote wawili, ambao simulizi zao zinalingana isipokuwa kuhusu nani aliyecheka kwanza. Mgeni alisalimu, akaomba radhi kwa sentensi moja kuhusu lile shairi la mkobani, kisha akasema, "Maalim, ule mshororo wa wenzako walio safarini, nilikuwa nimeshughulika na karatasi sikuusikia vizuri. Huimbwa vipi?" Mwenyeji akaughani. Sauti yake ilipita haraka juu ya *wako sa-*, ikimeza mzani mmoja bila mwenyewe kujua, kama mpiga makasia anavyovuka wimbi dogo. Mgeni hakusema kitu. Mwenyeji akaughani tena, polepole, na mara hiyo akasimama katikati. Akamtazama kijana akasema, "Nimesikia." Wakazungumza mambo mengine hadi Magharibi.

Wiki tatu baadaye Mgeni alirudi kwenye kikao kwa mwaliko wa Mwenyeji mwenyewe, akapewa nafasi, akajibu shairi lile kwa beti tatu alizozitunga kwa bahari ileile na vina vilevile. Zilianza hivi:

Hodi hodi ukumbini, nimerudi nina haya,
Niliamua machoni, sikio sikulingoya.

Kwenye *sikulingoya* Mwenyeji aligonga goti. Huko kugonga goti ndiko kupokelewa kwake. Mgeni alihudhuria kwa miezi iliyobaki hadi alipohamishiwa shule nyingine. Yeye na Nahodha walisalimiana vizuri na hawakuwahi kuwa marafiki.

Mwenyeji hakutangaza kwamba amebadilisha chochote. Aliponipa shairi lile kwa ajili ya diwani, neno *wako* lilikuwa limefutwa na juu yake kuandikwa *wa*: "Wenzangu wa safarini", nane kamili, na *wa* hilo la kishairi lenye maana ya "wako" lina uzuri ambao sisi wenye mkono wa shule tusingeufikia kwa haraka.

Kwa upande wa taratibu tulibadilisha mambo matatu. Karatasi hazigawiwi tena hadi shairi lighaniwe mara mbili. Anayemleta mgeni humweleza desturi za kikao njiani, kabla ya kufika. Nami humsomea mtunzi kwa sauti kila nilichokichapa, neno kwa neno, na tangu hapo nimekuta maneno mengine sita niliyokuwa nimeyasanifisha bila kuombwa.

Uchambuzi

Kuna wanaodhani kwamba adabu ya kusema juu ya utungo wa mtu ni kulainisha maneno. Historia ya pwani haiwaungi mkono. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alirushiana tungo kali na wapinzani wa mji wake katika enzi za uhasama wa Mombasa na Lamu, na hakuna anayemkumbuka kwa upole. Ukali ulikuwapo na ulikuwa na umbo: jibu lilikuja kwa shairi, aliyejibiwa alijua anajibiwa, na msikilizaji aliweza kupima ufundi wa pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Mshororo wa Nahodha uliumiza kuliko robo saa nzima ya Mgeni, na bado hakuna barazani aliyeuona kuwa utovu wa adabu, kwa kuwa ulikuja kwa umbo linalotambulika. Kasoro yake mimi naiona kwingine. Malumbano ni ya watu wanaoweza kujibizana, na aliyerushiwa hakuwa amepewa nafasi ya kujibu wala hakujua kwamba ameingizwa uwanjani.

Beti za Mgeni za kurudi zilifaulu kwa sababu hiyohiyo. Kuanza na *hodi* ni desturi kongwe. Wasomaji walipokuwa wakipeleka mashairi kwenye magazeti, tangu enzi za Mambo Leo iliyoanza kuchapwa Tanganyika mwaka 1923, ilizoeleka ubeti wa kwanza kumwomba mhariri nafasi, na wengi leo huiona beti hiyo kuwa ya kujazia. Nadhani ina kazi. Humkumbusha mwandishi, kabla hajafika kwenye hoja yake, kwamba ukurasa si wake. Mgeni alipotunga *hodi hodi ukumbini* alilazimika kukaa na fikra hiyo kwa muda wa kutafuta mizani nane.

Kuhusu maneno yenyewe ya usiku wa kwanza, mawili yalifanya madhara zaidi. Moja ni *lakini*. Sifa iliyotangulizwa ili kuandaa *lakini* haisikiki kama sifa. Msikilizaji huiruka na kungoja kinachokuja. Mgeni alikuwa na mengi ya kusifu kwa dhati, maana aliniambia ubeti wa saba ulimkaa moyoni, na hakuutaja kabisa. La pili ni *sheria*. Kwenye vitabu vya shule neno hilo ni la kawaida, na Sheikh Kaluta Amri Abedi alilitumia kwenye jina la kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu kutunga mashairi, yeye akiwa mtunzi aliyekuwa akiwaandikia watunzi wenziwe. Likitamkwa barazani na mtu wa kikao cha kwanza, mbele ya mtu aliyeupokea ushairi kwa mamake, husikika kana kwamba anaambiwa lugha ya mamake inahitaji kibali. Ukumbuke pia jinsi mabishano ya miaka ya 1970 kuhusu mashairi yasiyofuata vina na mizani yalivyowagawa watunzi. Waliotetea vina hawakuwa wakitetea hesabu ya silabi peke yake. Anayegusa kina cha mzee amegusa ukoo wake.

Suala la karatasi na sauti ndilo lenye mafunzo zaidi kwangu, kwa kuwa ndilo lililonikuta. Mashairi ya Muyaka mwenyewe yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua, baadaye katika karne hiyo, aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu wa Mombasa kwa kushirikiana na mmisionari William Taylor. Kila tunaposoma shairi la zamani tunasoma pia sikio na mkono wa aliyelinukuu. Mgeni aliishika karatasi kana kwamba imetoka moja kwa moja kwa mtunzi, na mwenye kuhukumu kazi ya mtu ana wajibu wa kuuliza kwanza kama alichonacho mkononi ndiyo kazi yenyewe. Swali la maneno matatu, "Hapa ulisema *naungoja*?", lingemaliza jambo zima. Swali hutoa nafasi ya kosa kuwa la yeyote, hata la muulizaji. Hukumu ikishatoka, lazima pawepo na wa kuibeba. Hata hivyo, siwezi kumlaumu Mgeni kwa kuiamini karatasi kuliko ninavyojilaumu kwa kuichapa vile na kisha kunyamaza. Mtu wa kati, awe katibu, mchapaji au mfasiri, ana adabu yake katika mambo haya, nayo ni kukiri mapema, wakati kukiri bado ni kazi ya sentensi moja.

Lile shairi la mkobani lina hukumu fupi. Anayezungumzia kazi ya mwenzake kisha akatoa yake kama mfano amebadilisha mada, na kila aliyemsikiliza huanza kurudi nyuma na kuyapima upya maneno yake ya awali: kumbe ndiyo haya aliyokuwa akiyaelekea.

Sasa upande ambao haukunifurahisha. Ni rahisi kukisoma kisa hiki kama ushindi wa desturi za baraza, mgeni akiwa amefunzwa na wenyeji wakiwa wamefunza. Lakini tulikuwa watu wanane wenye uzoefu, tulilisikia shairi lile, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua mizani tisa. Au aligundua na akanyamaza, jambo ambalo ni baya zaidi. Desturi ya kumfuata mtunzi nyumbani ni nzuri pale watu wanapomfuata kweli. Nilipouliza wenzangu ni lini mara ya mwisho mmoja wao alikwenda kwa Mwenyeji na kumwambia kwamba mshororo umezidi, hakuna aliyeikumbuka. Tulikuwa tumeufanya ule mlango wa nyuma kuwa sababu ya kufunga wa mbele, huku wenyewe hatuupiti. Ilibidi aje mtu asiyezijua taratibu zetu ndipo mshororo wa Mwenyeji upate nane zake.

Utaratibu mpya wa kughani mara mbili kabla ya karatasi umeongeza usikivu, nami nauunga mkono. Umefanya pia kuhesabu mizani kuwa vigumu zaidi kwa vijana ambao sikio lao bado halijakomaa na ambao karatasi ilikuwa fimbo yao ya kutembelea. Tangu Mgeni ahame, suala la mizani halijatajwa kikaoni hata mara moja. Kwenye madondoo yangu ya miezi minne iliyopita nimeweka alama kwenye mishororo miwili ya Mwenyeji yenye mizani kumi na saba, yote miwili nikiwa nimeihakikisha kwenye daftari lake kwa herufi za Kiarabu. Ninajua saa anayokaa peke yake, najua na swali la kumuuliza. Bado sijakwenda.